Baba Mdogo Aliniandika Sijaolewa

"Umetudanganya. Usituombe viza tena kwa miaka kumi!"

Barua ya ubalozi wa Uingereza ilisema kwa heshima zaidi, lakini maana ndiyo hiyo jamani...

Nilikaa chini sakafuni. Dada yangu Tehmina alikuwa Birmingham, saratani imemla mpaka sauti. Kila siku swali lilelile:

"Zunaira, unakuja lini?"

Mimi ni Zunaira wa Gujrat, Pakistan. Nina mdomo kama cherehani, na mume pia ninaye, msinitolee macho! Shahmir, anauza viatu Manchester. Nikaha ilifungwa majira ya baridi, watu wakala pilau, yeye akarudi kazini. Mimi nikabaki kwetu kusubiri rukhsati, siku ya bibi harusi kuagwa akahamie kwa mumewe. Kwetu, kabla ya siku hiyo, hata majirani wanakuhesabu msichana tu.

Anayejaza maombi ya viza mtaani ni baba mdogo Iftikhar.

"Baba mdogo, andika nimeolewa."

"Umeolewa wapi wewe? Hata chai ya mama mkwe hujapika!"

"Nikaha ni nikaha. Andika!"

"Haya, mke wa mtu. Nenda nyumbani."

Nikaenda zangu, roho kwatu. Sikusubiri kusoma.

Halafu simu ya ubalozi ikaita...

"Una mume?"

"Ninaye! Mrefu, mvivu kujibu meseji. Yuko Manchester."



"Maombi yako yanasema hujaolewa."

Ndipo ikaja ile barua ya miaka kumi...

Dada alifariki Ijumaa. Mazishi niliyatazama kwenye simu. Walipoinua jeneza, picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi.

Nilimvaa baba mdogo mbele ya waombolezaji.

"Umeninyima dada yangu! Kwa nini uliandika uongo?"

Akainamisha kichwa. 

Tangu hapo salamu yake sikuitikia. Akiingia mlango huu, natokea ule.

Mpaka shemeji, mume wa marehemu, alipokuja kutoka Birmingham kutuletea shali za dada. Baba mdogo akaingia, mimi nikainuka.

"Shemeji, mbona humsalimii mzee?"

"Muulize aliniandika nini!"

Shemeji akaduwaa.

"Kwani hujui? Ni Tehmina aliyempigia. Mimi ndiye niliyemshikia simu. Alilia: 'Baba mdogo, wakijua ana mume huku watasema anahamia. Mwandike hajaolewa, nimwone kabla sijafa...'"

Nikamgeukia mzee.

"Baba mdogo... mbona ulinyamaza?"

"Ungemchukia maiti, mwanangu? Bora unichukie mimi. Mimi bado nipo, iko siku ungenisamehe."

Nilimshika mikono nikalia mpaka shali ya dada ikalowa.

Wapendwa, nikaha ikishafungwa, umeolewa. Andika hivyo, na ueleze kwamba rukhsati bado. Usiondoke kabla hujasoma kilichoandikwa kwa jina lako, hata anayejaza awe damu yako. Ukweli nao wangeweza kuukataa, sikatai. Lakini ningeomba tena, na tena...

Uongo wa dada ulikuwa wa mapenzi matupu. Ndio uliomfanya afe akiutazama mlango.