Kabla ya Kuweka Parseli Rehani

Hadjara aliuza mafuta ya mawese katika soko la Beni. Alikaa katika komini ya Ruwenzori, sehemu ya mji huo, pamoja na mume wake, Musafiri, kwenye parseli yao, yaani kiwanja chao chenye nyumba. Kila asubuhi, baada ya swala, aliwasha makaa na kuchemsha chai ya watoto. Kisha alipeleka bidoni zake za mafuta sokoni. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa mafuta, na hata sabuni haikutoa rangi yote.

Zamani kidogo nyumba yao haikujua shida kubwa. Musafiri alikuwa na lori. Alibeba kakao, mbao na maharagwe. Alilipa masomo ya watoto wake bila kuchelewa, na kila Ramadhani alitoa zaka kwa mkono wake mwenyewe. Binti yao wa kwanza, Kavira, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Butembo. Alisomea kilimo.

Kisha lori likachomwa njiani. Watu wenye silaha walitoka porini wakaanza kupiga risasi. Musafiri aliruka, akakimbia, akapona. Kijana aliyemsaidia garini, Shalom, hakupona. Tangu siku hiyo Musafiri hakusema neno juu ya jambo lile. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, akitazama watu wakipita. Mtu akimwuliza habari, alijibu, "Tuko." Basi.

Siku moja Hadjara alikuwa akimpimia mteja mafuta. Simu ikalia. Ilikuwa Kavira.

"Mama, batanizuia ku mutihani."

"Nani atakuzuia?"

"Bakubwa ba chuo. Basema leo mu auditoire, mbele ya banafunzi bote: mwenye hajamaliza kulipa, hataingia. Mutihani ni mwezi yenye inakuja." Sauti ya Kavira ilikatika. "Mama, nirudie nyumbani?"

Mafuta yalimwagika mezani. "Hapana," akasema. "Ubakie kwanza. Tutaangalia."

Lakini hakujua wataangalia wapi.

Jioni alimweleza mume wake. Musafiri akasema, "Kuko mutu moja ku mujini anakopeshaka feza. Nitaenda kumuona. Nitaweka parseli gage, ikuwe rehani."

Hadjara alimfahamu mkopeshaji huyo. Soko lote lilimfahamu. Mwezi ukipita bila kulipa, deni lilipanda. Ukishindwa kabisa, alileta vijana wenye nguvu na kutoa vyombo vyako nje. Mama mmoja aliyeuza chumvi alipoteza nyumba hivyo.

"Na riba, Baba Kavira? Wewe mwenyewe unasemaka riba ni haramu."

"Najua. Mungu ananiona." Musafiri alifunika uso kwa mikono. "Lakini mutoto afukuzwe? Sasa nifanye je?"

"Ungoje kidogo. Nitaenda Butembo, nione mutoto, niulize ku chuo."

"Mutihani haingoje mutu," akasema Musafiri.

Asubuhi Hadjara alipanda taksi ya kwenda Butembo. Alibanwa kati ya magunia na abiria wengine. Kila gari liliposimama, moyo wake uliruka. Aliwaza barabara, kisha akamwaza Kavira, kisha parseli. Je, Musafiri atangoja? Hakuwa ameahidi.

Alimkuta Kavira katika chumba alichopanga na msichana mwenzake, Bénite. Binti alikuwa amekonda. Sufuria ilikuwa kavu.

"Haukule?"

"Nilikula jana, Mama." Kavira aliangalia chini. "Niko naweka feza ya chakula. Kuko njia ingine. Angalia."

Alimwonyesha simu. Kulikuwa na ujumbe kwamba yeye amechaguliwa kupata bourse, msaada wa masomo, ya kusoma Ulaya. Atume tu feza ya dossier, yaani ya karatasi za maombi, kwa namba fulani, leo, kabla ya jua kuzama. Hadjara alisoma polepole. Furaha ilimpanda hadi kooni. Kumbe Mungu amefungua mlango!

"Tutume haraka," akasema.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja aliyekaa katika nyumba hiyohiyo ya kupanga alikuwa akianika nguo uani. Aliitwa Rébecca. Alifanya kazi katika bureau social ya chuo, mahali panaposhughulikia matatizo ya wanafunzi. Aliposikia, aliweka beseni chini, akapiga hodi na kusalimu kwa Kinande.

"Wavukire, Mama. Munisamehe. Nimesikia bourse. Naweza kuona?"

Alisoma ujumbe, kisha akamwangalia Kavira.

"Binti yangu, uliomba hii bourse?"

"Hapana, Mama Rébecca."

"Sasa balikuchagua namna gani?"

Kavira aliusoma ujumbe upya.

"Bourse ya kweli unaiomba wewe mwenyewe," Rébecca akasema kwa upole. "Inaonyesha wapi bureau yake iko na nani anaitoa. Mutu akikuandikia tu, na anataka feza kwa namba ya simu leo leo, huyo ni mwizi. Mwaka jana balidanganya banafunzi wengi hivi."

Furaha ya Hadjara ilianguka. Aliketi kitandani. Machozi yalimjia, akayafuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Basi imekwisha," akasema.

"Haiyakwisha, Mama Kavira. Ungojee." Rébecca alivuta kiti. "Watu wengi banazania musaada ni namna moja. Hapana. Kuko wenye hautarudisha, na kuko wenye utarudisha. Mutu akikuambia neno musaada, kwanza umuulize hiyo: nitarudisha ao sitarudisha?"

"Bourse inarudishwa?"

"Bourse ni zawadi. Hairudishwe. Ingine ni ya wenye kupata points za juu kabisa ku mutihani. Ingine ni ya familia zenye kupata musiba. Zinaweza kutoka ku chuo, ku paroisse ya kanisa, ku musikiti, ku association, hata ku kampuni. Kila moja iko na masharti yake na tarehe yake."

Hadjara alimgeukia binti yake. "Points zako?"

"Satisfaction," Kavira akajibu chini chini. "Nilipita tu, sikufika ku distinction, ile ya juu."

"Basi ile ya points tuiache mwaka huu, tusipoteze wakati," akasema Rébecca. "Lakini mwaka wenye unakuja ujaribu. Sasa, familia yenu ilipata shida gani?"

Hadjara akaeleza juu ya lori, kwa maneno machache. Hakumtaja Shalom. Alishindwa.

Rébecca alitikisa kichwa kwa huzuni. "Chuo chetu kiko na caisse sociale, mufuko ya musaada, kwa ajili ya watu kama nyinyi. Haina feza mingi, na wenye kuomba ni wengi. Siwezi kukuahidi. Itaomba attestation, barua ya kushuhudia ya chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yenu, na procès-verbal, karatasi ya polisi yenye inaonyesha lori ilichomwa. Na baba mwenyewe akuje aseme mbele ya commission, bakubwa benye kuamua."

"Na kama banakataa?"

"Kuko kazi. Bibliothèque, maktaba ya chuo, inatafuta banafunzi ba kupanga vitabu. Kavira atafanya saa kidogo, na malipo itakatwa ku frais yake ya masomo. Lakini asikubali saa mingi, asome pia. Tena kuko kulipa kidogo kidogo. Hiyo haiko feza, ni wakati tu, lakini itamuingiza ku mutihani. Unaandika barua kabla tarehe ipite. Ukiandika kisha, haitasaidia."

"Na kukopa?" Hadjara akauliza.

"Kukopa pia ni musaada, lakini ni deni. Usikope bila kujua nyongeza ni ngapi, utalipa lini, na ukishindwa batachukua nini."

Hadjara alisimama ghafla. "Parseli," akasema. "Baba yake anaenda kuweka parseli."

"Lini?"

"Pengine leo."

"Mupigie! Sasa hivi!"

Hadjara alipiga. Simu ya Musafiri ilikuwa imezimwa. Alipiga tena. Imezimwa. Alitoka uani, akaingia, akatoka tena. Kavira alianza kulia. "Ni juu yangu, Mama. Ni juu yangu." Hadjara aliona vyombo vyake vikitupwa barabarani, na watoto wadogo wamesimama kandokando yake.

Jua lilikuwa limeinama Musafiri alipopokea.

"Baba Kavira! Uko wapi?"

"Niko hapa ku mulango yake. Baniambia ningoje, atanipokea."

"Umesaini?"

"Bado."

Hadjara alishusha pumzi. Alimweleza yote aliyosikia. Alimwambia habari ya caisse, ya chef wa quartier, ya polisi, na ya kusema mbele ya commission. Musafiri alisikiliza. Kisha sauti yake ikawa ngumu.

"Mimi nilikuwa natoa zaka. Sasa niende kulilia watu?"

"Haiko kulia. Ni kusema yenye ilifika."

"Sitaki kusema yenye ilifika."

"Najua," Hadjara akasema. "Najua, mume wangu. Lakini tukipoteza parseli, tutalala wapi na batoto badogo?"

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikuita.

Usiku ule Hadjara hakupata usingizi. Asubuhi yake Musafiri hakupiga simu. Rébecca aliwasaidia kuandika barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo, wakaipeleka chuoni. Katibu aliipiga muhuri na kusema warudi baadaye. Hadjara aliuliza, "Itakubaliwa?" Katibu akasema, "Mungu anajua, Mama."

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba aliyokaa Kavira. Mtu aliyeshuka alikuwa mweupe kwa vumbi. Alikuwa Musafiri. Ndani ya koti alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Hadjara hata hakumsalimu. Aliufungua mfuko mwenyewe. Hati ya parseli ilikuwamo, haina saini ya kuiweka rehani. Karatasi ya polisi ilikuwamo, na attestation ya chef wa quartier.

"Chef aliniuliza," Musafiri akasema. "Nilishindwa kusema. Niliketi pale mupaka mambo ikatoka."

Siku ya commission ilipofika, wakubwa wa chuo waliketi katika chumba chenye meza ndefu. Nje wazazi walijaa ukumbini. Mama mmoja alikuwa amekimbia vita huko Kayna, akiwa na binti yake mkubwa na kitoto mgongoni. Baba mmoja wa Alimbongo alisema mashamba yake yamebaki upande usiofikika. Hadjara aliwaangalia. Wote hawa wanaomba caisse moja. Kama wao wakipata, nani atakosa?

Walipoitwa, Musafiri aliingia kwanza. Alikataa kuketi.

"Nilikuwa na lori," akasema. "Niliipata kwa jasho. Baliichoma." Akashika ukingo wa meza. "Na kijana wangu alikufia mule. Jina yake Shalom. Nilimuita. Nilikimbia nikimuita, nikasikia hanifuate, na sikurudi."

Hadjara alisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Alimshika mume wake mkono. Mkono ulikuwa baridi. Mkubwa mmoja aliweka kalamu yake mezani na kuinamisha kichwa.

"Pole sana, Papa," akasema. "Tumesikia. Tutawapa jibu."

Jibu lilichelewa. Hadjara alirudi Beni kuuza mafuta, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Alikosea kuhesabu chenji za wateja. Musafiri naye aliacha kiti chake mbele ya nyumba. Alienda kwenye parkingi kuuliza kama kuna mwenye gari anayehitaji dereva.

Siku moja Rébecca akapiga simu.

"Mama Kavira, caisse imekubali nusu. Nusu tu."

Hadjara aliweka kipimo chake cha mafuta chini. Hakujua kama acheke au alie. Nusu ilikuwa nyingi. Nusu pia haikutosha.

"Na barua yetu?"

"Imekubaliwa. Yenye inabakia mutalipa kidogo kidogo. Kavira ataanza ku bibliothèque Jumatatu."

Jioni ile Hadjara aliongea na wanawake wenzake wauza mafuta. Walikuwa na likelemba: kila mmoja alitoa kidogo, na fungu lote likamwendea mmoja kwa zamu. Hakukuwa na riba. Zamu ya Hadjara ilikuwa bado mbali. Mama Agar, mwenye zamu ya karibu, alimsikiliza, akafikiri, kisha akasema, "Uchukue yangu. Mimi nitachukua yako."

Siku ya mtihani wa kwanza, Hadjara hakufungua meza mapema. Aliketi nyumbani na Musafiri. Aliogopa kwamba mtu mlangoni atasema karatasi fulani haipo, muhuri fulani si wenyewe. Saa ya kuingia ilifika ikapita. Ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa neno moja: "Nimeingia."

Musafiri alisoma, akampa mke wake simu, akatoka kwenda kutawadha.

Kavira alishinda mitihani ya mwaka huo. Deni la chuo lilikwisha polepole, na parseli ilibaki yao. Musafiri alipata gari la mtu la kuendesha. Mwaka mpya wa masomo ulipokaribia, hakungoja mambo yaharibike. Chuo kilipotangaza tarehe ya kupokea dossier, alienda na Hadjara kuomba attestation mapema.

Mbele ya ofisi ya quartier walimkuta mtu amesimama peke yake, kofia mkononi. Hadjara alimtambua. Alikuwa Kambere, dereva aliyepoteza gari lake majuma machache kabla. Mtoto wake alikuwa akisoma Butembo. Kambere alitazama mlango, akageuka kama mtu anayetaka kuondoka.

"Unataka kuingia?" Musafiri akamwuliza.

"Sijue nitasema nini," akajibu Kambere.

Musafiri alimshika bega. "Mimi pia sikujua," akasema. "Kuya, tuingie pamoja."