Ombi la Siku Tatu

Jumamosi ile nilichelewa kumaliza pasi. Umeme ulikatika mchana ukarudi saa kumi na moja, na bado nilikuwa na vitambaa vya kanisa: kile kirefu cha meza ya Bwana, viwili vya mimbari, na kidogo cha kufunikia vikombe. Mimi ni dobi. Nguo za watu nazifua kwa malipo, vitambaa vya kanisa navifua kwa moyo, na nakiri kwamba vya moyo ndivyo ninavyoviacha mwisho.

Nikavikunja juu ya mkono wa kushoto, nikachukua ufunguo wa kanisa, nikatoka. Kutoka chumbani kwangu hadi kanisani ni kona mbili tu. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mabati, ila mwanga ulitosha kuona tundu la kufuli.

Nikaingiza ufunguo.

Ndani mtu alikuwa anaimba.

Sauti ya kike. Ya juu, nyororo, inapanda bila kuhema...

Niliijua. Muumini yeyote wa pale angeijua. Ilikuwa sauti ya wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye kwaya nzima ilimwita Kinanda. Na Kinanda alikuwa na wiki tano hajatoa sauti. Hata ya kukohoa.

Kufuli lilikuwa limefungwa, tena kwa nje.

Ngoja kwanza niseme nilichokifanya, maana bila hicho mtanihurumia bure.

Nimeanzisha nyimbo katika kanisa letu kwa miaka kumi na tisa. Naongoza pia kikundi cha maombi, ndiyo maana watu wananiita mama wa maombi, hata walionizidi umri. Kisha mdogo wangu akaoa. Yule binti alipofungua mdomo Jumapili ya kwanza, watu waligeuka kwenye mabenchi. Jumapili ya nne mwalimu wa kwaya akaniita pembeni, kwa upole kabisa. "Dada, pumzika kidogo. Mwachie Kinanda aanzishe."

Nipumzike. Kwani nani alimwambia nimechoka?

Nilifunga siku tatu, maji tu. Kila jioni nilipiga magoti pale mbele, kwenye zulia jekundu, na sikumwomba Mungu anipe moyo wa kukubali. Nilisema: ifunge ile sauti. Nilisema: mwondolee, na kama inafaa, nipe mimi. Nilisema kwa machozi, nikamalizia kwa jina la Yesu, kama tunavyomalizia kila ombi.

Jumapili iliyofuata Kinanda akasimama kuanzisha wimbo. Akafungua mdomo. Ikatoka hewa.

Hospitali walimchungulia koo wakasema ni zima. Mchungaji akasema koo likiwa zima na sauti haipo, basi pana mkono wa mtu. Tangu hapo kila Jumatano tukaomba dhidi ya mkono huo. Unyauke. Ukauke mpaka mwenye nao ajulikane. Na aliyeongoza maombi hayo ni nani? Nilisimama mbele ya watu nikauombea mkono wangu mwenyewe unyauke, wakaitikia amina.

Mwenye mkono wakamwona ni mama yangu. Mama alikuwa anakaa kwa mdogo wangu, jiko moja na Kinanda. Ni mzee, hana meno ya mbele, akiota ndoto lazima aisimulie. Hayo yalitosha. Mchungaji alipanga kwamba Jumapili, yaani kesho yake, mama asimamishwe mbele aombewe mpaka aiachilie sauti ya watu. Na mdogo wangu alishamwambia mama: usipoiachilia, tafuta pa kulala.

"Mimi kuimba kwenyewe siwezi," mama aliniambia. "Sauti ya mtu nitaiba niipeleke wapi?"

Nikacheka naye. Sikusema kitu.

Basi huyo ndiye aliyesimama pale mlangoni na ufunguo mkononi.

Nikafungua.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Harufu ikanipokea, harufu ninayoijua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu: nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mtu, amenipa mgongo. Shati jeupe, mistari ya mikono imenyooka sawasawa, kama ninavyoinyoosha mimi.

"Karibu," alisema, kana kwamba mgeni ni mimi.

Kwa sauti ya Kinanda.

"Umeingiaje?"

"Si uliniita."

"Sijamwita mtu. Nilimwomba Mungu."

"Ulimwomba nini?"

Nikasogea mpaka nyuma ya benchi lake. Bati juu lilikuwa linapoa, likitoa milio yake... ta... ta...

"Sema," alinong'ona. "Si tuko wawili tu?"

"Sauti yake ifungwe."

"Na ombi kama hilo, mama wa maombi, ulidhani linapokelewa na nani?"

Nilitaka kukemea. Nimekemea mapepo miaka yote hiyo, najua maneno yake, najua pa kupaza na pa kushusha. Halikuja hata moja. Akainuka bila kugeuka. Akarudisha mkono nyuma, akauweka juu ya vitambaa nilivyobeba. Taratibu. Kama mtu anayepima nguo kama imekauka.

"Nimefuata shukrani," alisema. "Kwenu mtu akijibiwa si hushuhudia? Wiki tano sasa, kimya."

"Kesho nitaungama. Mbele ya watu wote."

Nilitegemea akasirike.

"Ungama," alisema.

Benchi likawa tupu.

Nilipotandika kile kitambaa kirefu mezani niliona alama ya kahawia. Kiganja na vidole vitano. Tangu siku ile nimeipaka limau, nimeipaka chumvi, nimeianika juani siku mbili, haijatoka. Na nisidanganye: jioni ile nilipiga pasi kwa haraka, na pasi yangu huwa inazidisha joto. Huenda niliunguza mwenyewe. Lakini pasi haina vidole.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Nilimkuta kibarazani anapiga viatu rangi kwa ajili ya ibada.

"Mchungaji, mama yangu hana kosa. Aliyemfunga Kinanda ni mimi. Niliomba."

"Kwani kuomba ni uchawi?"

"Niliomba vibaya."

"Mungu hajibu maombi mabaya, dada. Kwa hiyo si wewe."

"Ndicho ninachokueleza. Hakujibu yeye."

Akatabasamu, brashi mkononi. "Unaona adui alivyo mjanja? Kesho tuna vita, leo anampiga kiongozi wa maombi. Nenda ukapumzike. Na hayo usimwambie mtu, utawakwaza wachanga wa imani."

Nipumzike tena. Akachukua kiatu cha pili.

Nikaenda kwa mdogo wangu. Hakunikaribisha hata ndani. Nilimweleza yote, kuanzia siku ya kwanza ya kufunga, naye akatikisa kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

"Dada, ni mama yetu wote, najua inauma. Lakini ukimbebea dhambi zake hatatubu."

"Nakuambia ni mimi."

"Mchawi haungami. Ungekuwa wewe, usingesema."

Jamani. Nisiposema, ni mama. Nikisema, ni mama. Nyuma yake Kinanda alikuwa ameketi na sinia anachambua mchele. Aliinua macho akanitazama. Hakushangaa. Hilo nililiona, nikalipita.

Mama alikuwa uani anasugua sufuria. Yeye tu ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho.

"Uliomba kweli?"

"Kweli, mama."

Alisugua pale pale kwa muda mrefu, mahali palipokuwa pameshatakata.

"Basi kesho useme, na useme kwa nguvu," alisema. "Nimechoka kuwa mchawi."

Jumapili wakamsimamisha. Alivaa sweta lake la kijivu, nilikuwa nimemfulia mimi. Mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa chake akaanza. Achilia. Achilia. Watu wote wamesimama, wanaomba kila mtu na lake, paa linatetema. Mama hakufumba macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatoka kwenye benchi. Nikakishika kipaza sauti. Nikafungua mdomo.

Maneno yalitoka, nayakumbuka yote. "Ni mimi niliyeomba sauti yake ifungwe. Mama yangu hana kosa. Mwacheni mama yangu." Yalikuwa maneno yangu.

Sauti haikuwa yangu.

Ilikuwa ya juu, nyororo, inapanda bila kuhema...

Hakuna aliyesikia hata neno moja, walisikia wimbo tu. Mpiga gitaa aliidaka hapo hapo akaanza kuifuata. Watu wakaanza kulia. "Ameitapika," mwanamke mmoja alisema nyuma, na lile neno likakimbia benchi kwa benchi. Kwa sababu wao waliona hivi: mkono wa mchungaji uko kichwani mwa mama, na sauti iliyopotea imesikika kanisani. Ushahidi gani tena? Kadiri nilivyosema ni mimi, ndivyo ilivyozidi kupendeza. Nikalia, ikapendeza zaidi. Wakasema amina.

Mchungaji aliwatuliza kwa mkono. "Bwana ameitoa kwa mwizi," alisema, "ameiweka kwa mama wa maombi, mahali salama, mpaka mwenyewe apone."

Mahali salama.

Nilimtafuta Kinanda kwa macho. Alikuwa safu ya pili, mikono mapajani. Midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na yangu. Neno kwa neno.

Jioni ile mama alifika kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Analala kitandani, mimi nalala chini katikati ya mabunda ya wateja. Nikimsemesha anaziba masikio. "Sauti ya mtu hiyo," anasema. "Irudishe." Kama vile najua dirisha la kuirudishia. Nimejaribu kumwambia jirani, nimemwambia mzee wa kanisa, nimeinamia sikio la mchungaji. Wote wanafumba macho na kutabasamu. Wa mwisho aliniomba nirudie ubeti.

Ndipo nikanunua daftari, nikaandika. Karatasi haina sauti. Jumatatu mchana, mdogo wangu akiwa kazini, nilimpelekea Kinanda. Ukurasa wa mwisho niliandika: nisamehe, na umwonyeshe mumeo, ili mama arudi.

Alisoma amesimama, mpaka mwisho, hakuruka ukurasa. Kisha akachukua kalamu akaandika chini yake. Nanukuu kama alivyoandika:

"Wifi, najua. Alikuja mchana, siku yako ya tatu ya kufunga. Shati jeupe. Alibisha hodi vizuri tu. Alisema ametumwa na mama wa maombi. Ndiyo maana nilimfungulia."

Nikakaa sakafuni. Naye akainama, akaandika tena:

"Jana baada ya ibada amerudi. Anauliza kama na mimi nina ombi."

"Ukamwambia nini?"

Niliuliza kwa mdomo, nilisahau. Sauti yake ikajaa chumba chote. Kinanda alifumba macho mpaka ilipotulia ukutani.

Halafu akafunika kalamu. Akachukua daftari langu, akalifungia kabatini, na ufunguo akautia kifuani. Akaenda kunifungulia mlango nitoke.

Hili ninaloliandika sasa ni daftari la pili. Nisameheni mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umeanza kukauka tangu jana usiku, ukavu ulianzia kidole kidogo, leo umefika kwenye kifundo cha mkono. Ngozi imekunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Sijui ni ombi la nani lililojibiwa. La Kinanda, kama aliomba. Au letu sote, lile la kila Jumatano, ambalo maneno yake niliyatunga mimi.

Kesho ni Jumatano. Mchungaji ametuma mtu kuniambia niwahi, kanisa litajaa wageni wanaotaka kunisikia. Mama ameukalia mlango, anasema siendi.

Vitambaa nimeshavipiga pasi. Vyote viko tayari, isipokuwa kile kirefu.