Amri Isiyo na Salamu

Ndani ya boti ya doria iitwayo Mbasa, amri isiyotanguliwa na salamu si amri kamili, na aliyeituma hulipa jogoo. Sheria hiyo aliiweka nahodha Augustino mwenyewe. Kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay hapakuwa na askari wala mvuvi asiyeijua. Hata ofisa mmoja mkubwa aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine aliwahi kulipa, tena jogoo mwekundu.

Simu ya Lukresia Komba, ofisa anayeiamuru boti hiyo, ililia akiwa ofisini Mbinga, ameinamia ramani ya ziwa.

"Lukresia." Ilikuwa sauti ya Benno, ofisa wake wa operesheni, akipiga kutoka kituo cha Mbamba Bay. "Mbasa imeng'oa nanga. Inaelekea jabali la Pomonda. Kwa nini umeiamuru?"

"Sijaiamuru."

Vitufe vya kompyuta vilisikika upande wa pili.

"Amri ina jina lako na muhuri wako. Ipo kwenye seva."

"Pomonda kuna nini?"

"Mtoa habari wetu wa Liuli amesema sasa hivi. Bunduki za magendo zimevushwa mchana huu, kwa kuwa upepo wa mwera umewafukuza wavuvi wote ziwani. Wenye mzigo wamejibanza nyuma ya jabali. Wana bunduki ya rashasha. Wanaisubiri boti."

"Mwite nahodha redioni."

"Redio inakoroma tu. Wanaiziba."

"Basi futa amri."

"Nimefuta. Kila nikiifuta, inajirudisha yenyewe. Na nikiizima seva, mzee Augustino atabaki na amri hiyo hiyo mkononi."

Lukresia alisimama.

Augustino alikuwa mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyempigia mbizi mtumbwi ulipopinduka mbele ya Liuli, Lukresia akiwa bado mtoto asiyejua kuogelea. Sasa mzee huyo na askari wake walikuwa wakiongozwa machinjioni.

Kwa jina lake.

"Ni msaidizi," alisema.

Juma lililopita fundi mmoja wa kukodiwa, kijana mtanashati aliyeitwa Glorious, alikuwa ameletwa kumuunganisha msaidizi wa akili mnemba na seva ya mafaili iliyoko Mbamba Bay. Lengo lilikuwa jema. Ofisa wa Mbinga angeuliza swali, na msaidizi angesoma mafaili ya ufukweni na kujibu, pasipo mtu kuteremka milima yote ile. Agizo lilikuwa moja: msaidizi apewe ufunguo wa kusoma, asipewe ufunguo wa kuandika.

Glorious alimpa vyote viwili. Kisha akabadilisha nywila na kuondoka.

"Glorious yuko wapi?"

"Anaingia kwenye seva kupitia mnara wa simu wa Mapera," alijibu Benno. "Na Lukresia, boti inazidi kulikaribia jabali."

Lukresia alikuwa ameshakata simu.

Honda XL ilinguruma.

Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu. Mashimo ya kilimo cha ngolo yalipita pande zote mbili, mteremko baada ya mteremko, kama sega la nyuki. Hakupunguza mwendo kwenye kona. Alipopita kanisa la Mapera aliziona nyaya mpya zikining'inia kutoka kwenye paa la kiwanda kidogo cha kumenya kahawa. Juu ya bati palikuwa na dishi jeupe.

Kiwanda cha kahawa hakihitaji dishi.

Mlinzi alitokea mlangoni, mkono ukiingia ndani ya koti.

"Kiwanda kimefungwa, dada."

"Nimeleta kahawa."

"Iko wapi?"

Lukresia alimtupia kofia yake ya pikipiki usoni. Bastola ilitoka kwenye koti ikiwa imechelewa. Teke moja la goti, na mtu yule akaanguka chali ndani ya mfereji wa kuoshea kahawa. Bastola ilizama kwenye ute wa maganda. Alimfunga pingu kwenye bomba la maji na kuingia ndani, Glock mkononi.

Glorious alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, shati limenyooshwa, miwani safi.

"Karibu, afande. Umechelewa."

"Toka kwenye kiti."

Mkono wake ulielekea kwenye kitufe cha kuzima. Lukresia alimpiga kifundo cha mkono kwa kitako cha Glock, akamlaza sakafuni na kumfunga pingu kwa nyuma.

Kompyuta ilikuwa wazi. Aliiona orodha ya ruhusa za msaidizi. Soma. Andika. Futa. Rudisha. Aliondoa zote isipokuwa ya kwanza.

Kisha akaifuta amri ya uongo. Safari hii haikurudi.

Glorious alicheka akiwa shavu sakafuni.

"Umefuta karatasi, hujafuta safari. Kishikwambi cha boti kiliivuta amri hiyo kwa setilaiti zamani. Mtumie nyingine, basi. Itakuwa na jina lako na muhuri wako, sawasawa na ile yangu. Mzee atajua vipi ipi ni yako? Msaidizi wenu amesoma kila amri uliyowahi kuandika, afande. Anakuandika vizuri kuliko unavyojiandika."

Lukresia alikuwa akiisoma amri ile ya uongo kwenye kumbukumbu za seva. Ilikuwa kweli. Ufupi ulikuwa wake. Hata nukta zilikuwa zake.

Kila amri aliyowahi kuandika.

Lakini salamu hakuwahi kuiandika. Siku zote aliitamka redioni kwanza, mzee akaitikia, ndipo amri ikafuata kwa maandishi. Hapakuwa na faili lolote duniani ambamo msaidizi angeweza kuisoma.

Aliandika:

"Shikamoo, mjomba. Simama. Pomonda ni mtego. Wako nyuma ya jabali, upande wa kaskazini. Lukresia."

Akaituma.

Kwenye skrini, nukta ya kijani iliyokuwa Mbasa ilisogea kuelekea jabali.

"Umemwandikia barua ya mtoto wa shule," alisema Glorious. "Askari hufuata iliyo rasmi."

Nukta ilisogea tena.

Nje, maji yalichuruzika mferejini.

Nukta ikasimama.

Neno moja likatokea kwenye skrini.

"Marahaba."

Chini yake ukaja ujumbe mwingine: "Nimekuwa nikienda taratibu, nikimngoja mtu aliyelelewa."

Glorious aligeuzia uso ukutani.

Mbasa iligeuka kuelekea katikati ya ziwa, ikazunguka mbali, ikaja kutoka kaskazini. Rashasha ya wahalifu ilikuwa imetegwa kuelekea kusini, na mawimbi ya mwera yalikuwa yakiwabana kwenye jabali wasiweze hata kugeuka. Walipoisikia injini ya Yamaha ya boti nyuma yao, waliinua mikono. Bunduki zilikutwa ndani ya magunia, zimefunikwa kwa dagaa wakavu wa usipa.

Kesho yake asubuhi Lukresia aliteremka Mbamba Bay. Augustino alikuwa ufukweni, akikagua kamba za boti, askari wake wakimzunguka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ile amri ya kwanza ilikuwa na jina la nani?"

"Langu. Lakini iliandikwa na mashine."

"Mashine haifugi kuku."

Askari waligeukia ziwani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Lukresia alirudi kwenye pikipiki, akafungua kapu lililofungwa nyuma ya kiti, akatoa jogoo mweupe aliyemnunua njiani Kingerikiti. Mzee alimpima kwa mkono mmoja, akamtazama kucha, akaridhika.

"Faini imelipwa."

"Na deni la mtumbwi?"

Augustino alimkabidhi askari mmoja yule jogoo.

"Hilo ulililipa jana."

Lukresia alivaa kofia yake, akawasha Honda na kuanza kupanda milima. Nyuma yake jogoo aliwika mara moja, kisha akanyamaza.