Oili ya Shokapu

Fundi Abdulhalim alibana breki ya mbele, akaukandamiza usukani kwa uzito wake wote, kisha akaachia. Shokapu nzima huinuka papo hapo. Hizi zilibaki chini, zimetulia, kana kwamba kuna mtu ameketi.

"Sili za kuzuia oili zimekufa," alijisemea, maana fundi hakosi jina la ugonjwa.

Pikipiki ilikuwa kuukuu, ya marehemu baba yake Mageni, mchimbaji wa Nyarugusu aliyepata dhahabu ujanani. Mageni ndiye aliyeileta Kahama, akaketi ng'ambo ya barabara, wala hakutaka kusogea. Abdulhalim alifungua bolti za chini. Ikatoka oili nyeusi, na badala ya kunuka uchakavu ikanukia marashi. Loo, laiti angeishia hapo! Lakini aliweka sili mpya na oili mpya, shokapu zikainuka, mwenyewe akaondoka nayo bila hata kuaga.

Na Kahama nani anamwaga oili chafu, mchwa walivyo wengi? Kopo la oili ile lilikwenda nyumbani. Mkewe, Mwamvua, akapaka miguu ya kitanda anacholalia mtoto wao Samia, wa miezi minne.

Kesho yake, mchana kweupe, Mwamvua alimpigia simu kwa sauti ya chini. "Baba Samia, njoo. Usiniulize."

Alimkuta mlangoni mwa chumba. "Nataka kuingia, miguu inakataa," alinong'ona.

Chumba kilinukia marashi. Samia alilala katikati ya kitanda. Pembeni yake godoro lilibonyea taratibu, kisha likabonyea tena, karibu zaidi na mtoto. Abdulhalim akampigia Mageni.

"Kwenye ile oili kulikuwa na nini?"

Mageni akaanza kulia. "Baba aliomba dhahabu kwa jini, akamwahidi mtoto wake wa kwanza. Alipoipata akamhadaa, akamfungia humo ndani ya shokapu kwa dawa. Mtoto mwenyewe ni mimi, fundi. Mganga alisema atakayemfungulia, jini atamtwaa mwanawe badala yangu."

"Na ukaniletea mimi?"

"Sikukuuliza kama una mtoto. Niliogopa kuuliza."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mshenzi yule aliijua yote! Simu ilimponyoka Abdulhalim, akajitosa ndani, miguu mizito kama inavuta tope, marashi yakimkaba koo, na huku anamtazama mwanawe akigeuzwa ubavu na mikono isiyoonekana, kichwa kikiinuliwa polepole kutoka kwenye mto wa kulalia, mpaka kile kinywa kidogo kikafunguka, macho bado yamefumba, kikaanza kutafuta titi pale pasipo na mtu.

"Mwache!" alipiga kelele. Hofu ilimlowesha suruali. "Aliyekufungulia ni mimi. Nichukue mimi! Wallahi nitakubeba popote, mwache mwanangu!"

Godoro likainuka. Kitu cha baridi kikampanda mgongoni, kikamkumbatia shingo.

Samia sasa ana miaka mitatu, mzima wa afya, maneno mengi kama kasuku. Baba yake hutembea ameinama. Masheikh wamesoma, waganga wamefukiza, wote wamechoka. Jioni akirudi kazini, mtoto humkimbilia mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Kisha Samia huinua macho juu ya bega la baba yake, na kwa adabu aliyofundishwa husema tena, "Shikamoo."

Hapo Abdulhalim huanza kukohoa kwa nguvu, asimsikie anayeitikia.