Unga Ulioelea

Ketaki alikuwa akikoroga dawa ya Bibi pikipiki ilipozimika mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi kabla ya shule: achote unga wa rangi ya matofali kwa ncha ya kijiko, adondoshee asali, akoroge hadi uchanganyike vizuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye bembea ya sebuleni, akijisugua magoti na kulalamika kwamba asali ni kidogo.

Mwanamke wasiyemjua akaingia mbiombio, kofia ya pikipiki ingali kichwani.

"Weka chini hicho kijiko, mwanangu," alisema. "Usimpe."

"Viatu!" Bibi alipaza sauti. "Hii ni nyumba au stendi ya basi?"

Mgeni alirudi mlangoni, akavua viatu, kisha akavua kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi na macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu aliyekosa usingizi. "Nisamehe, Bibi. Mimi ni Sulabha, binti wa Tabibu Yashwantrao."

Uso wa Bibi ulikunjuka papo hapo. "Binti wa tabibu wangu! Sasa mbona hukusema? Ketaki, bandika chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuchukua unga huo."

Alieleza akiwa amesimama. Zamani baba yake alichoma madini mwenyewe katika tanuri la uani, akayasaga kwa mikono yake. Lakini mikono hiyo sasa ilitetemeka, na tangu sikukuu ya taa alikuwa akinunua unga uliokwisha tengenezwa kwa mchuuzi mmoja, bila kupimwa popote. Fundi mmoja wa kujenga aliyeutumia alianguka kazini kwa maumivu ya tumbo. Hospitali ilipopima damu yake, ilikuta madini ya risasi.

"Baba hali, halali," alisema Sulabha. "Amenituma nipite kwa kila aliyeuziwa. Na mimi, Bibi, si mpinzani wa dawa hizi. Nimezisomea chuoni, ndizo ninazotibia watu. Ndiyo maana ninaogopa."

Bibi alicheka. "Baba yako amezeeka, anaogopa hata kivuli chake. Ketaki, niletee bakuli la shaba."

Ketaki alijua kinachofuata. Mji mzima wa Wai ulijua. Bibi alijaza bakuli maji, akanyunyiza unga kidogo kwa vidole viwili. Unga ukatanda juu ya maji kama ngozi nyembamba, haukuzama. Kisha Bibi akaweka punje moja ya mchele juu ya ngozi ile, taratibu kama anayemlaza mtoto. Punje nayo ikaelea.

"Ona!" alisema. "Hivi ndivyo wazee walivyopima. Dawa mbaya huzama. Hii imepita kwenye moto, imesafishwa."

"Inaelea kwa sababu imesagwa laini," alijibu Sulabha. "Hata mbu huelea juu ya maji, Bibi. Utamla? Kuni zikichomwa huisha, zikabaki majivu. Risasi haiishi hivyo. Ukiichoma na kuisaga, bado ni risasi."

"Mbu!" Bibi aligeukia ukuta. "Ananilinganishia dawa na mbu!"

"Tumbo lako likoje siku hizi? Choo kinapatikana? Vidole havifi ganzi?"

"Huo ni uzee."

Ketaki aliuma mdomo. Tangu mvua zianze, Bibi alikuwa akijikunja kitandani na kushika tumbo. Tumbo likiuma, alidai unga zaidi. Akipewa unga zaidi, tumbo liliuma zaidi. Na aliyekuwa akiukoroga, siku zote hizo, ni Ketaki.

Sulabha aliondoka mikono mitupu. Mlangoni alimnong'oneza Ketaki: "Mpelekeni akapimwe damu. Hospitali ya mjini hupeleka sampuli maabara ya Pune kila Jumamosi. Kila kijiko anachokula kinaongeza shida."

Wiki ile nyumba haikukalika. Mama, ambaye alishona nguo chumba cha mbele, alibishana na Bibi tangu chai ya asubuhi hadi mkate wa mtama wa jioni.

"Mama, mwenye dawa mwenyewe anasema ni mbaya!"

"Mwenye dawa ni baba yake. Yeye ni mwenye pikipiki."

"Basi kapimwe, ukikutwa mzima utuaibishe sote!"

"Mimi sina cha kupima. Bakuli limekwisha pima."

Ketaki aligoma kukoroga. Bibi akaanza kukoroga mwenyewe, akichota unga mwingi kuliko kawaida. Ketaki akakificha kikopo cha unga ndani ya pipa la mchele. Bibi alipindua nyumba nzima juu chini, na alipokipata, alikikumbatia kifuani akalia machozi ya kweli.

"Mjukuu wangu wa damu ananiibia dawa!"

"Sikuiba! Nimechoka, Bibi! Tumechoka sote! Kwa nini hutaki kwenda?"

"Kumficha mtu mzima kitu chake si kumsaidia, Ketaki," Mama alisema kutoka kwenye cherehani, japo uso wake ulisema angefanya vivyo hivyo. "Mwombe radhi."

Ketaki aliomba radhi kwa sauti ya mtu anayemeza mwarobaini. Baadaye, alipompelekea Bibi maji, alimkuta anatazama dari.

"Wanatumia sindano kubwa?" Bibi aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Hao wa hospitali. Wanaotoa damu."

Ketaki aliketi kitandani. Kelele zote zile, bakuli, punje ya mchele, mbu! "Bibi, unaogopa sindano?"

"Nani kasema naogopa? Nimeuliza ukubwa." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Mama yako siendi naye, atagombana na wauguzi. Ukinishika mkono wewe, nitakwenda. Jumamosi."

"Nakuahidi," alisema Ketaki kabla Bibi hajageuza mawazo. "Lakini usile tena unga mpaka majibu yarudi."

"Mpaka majibu yarudi. Kisha utanikorogea na kuniomba radhi upya."

Kesho yake mwalimu wa michezo alitangaza kwamba uwanja ulikuwa umejaa maji, hivyo fainali ya kho-kho, mchezo wa kukimbizana, imesogezwa hadi Jumamosi asubuhi. Ketaki ndiye aliyekuwa mkimbizaji tegemeo wa darasa lao. Hakuna aliyejua kujipinda kati ya wachezaji waliochuchumaa kama yeye.

"Mwambie Bibi yako aende Jumamosi nyingine," alisema Shalaka, nahodha. "Damu yake itakimbilia wapi?"

"Humjui Bibi. Ukimpa wiki moja, atakuletea visingizio vya mwaka mzima."

"Basi aende na mama yako!"

"Nilimwahidi mimi."

"Ketaki, umewahi kumwona Sonal akikimbia? Sonal ndiye atakayeingia nafasi yako! Anakimbia kama ndoo ya maji!"

Ketaki aliokota mfuko wake wa shule akaenda nyumbani. Usiku alilia kidogo chini ya shuka, kisha akakasirika na sindano, na mvua, na mchuuzi asiyemjua hata sura.

Jumamosi walipanga foleni hospitalini. Bibi alimuuliza muuguzi kama sindano ni mpya, kama amewahi kumkosa mtu mshipa, kama mama yake anajua anafanya kazi hii. Kisha akafumba macho na kuminya mkono wa Ketaki hadi vidole vikawa vyeupe.

"Tayari, Bibi," alisema muuguzi.

"Tayari nini? Hujaanza!"

"Nimemaliza."

Bibi alifumbua jicho moja. "Hiyo tu? Ketaki, mbona hukuniambia ni hiyo tu?"

Ketaki alitaka kupiga kelele. Akacheka badala yake.

Wakirudi walipita karibu na uwanja wa shule. Wasichana wa shule nyingine walikuwa wakiruka na kupiga ngoma. Shalaka alikuwa amekaa kwenye matope, kichwa magotini. Bibi alisimama.

"Leo ndiyo ilikuwa siku ya mchezo wenu?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Ungesema basi twende wiki ijayo."

Bibi aliendelea kutembea. Hatua nyingi baadaye alisema, "Niombe kitu kimoja. Chochote. Nitafanya."

"Nitakuambia majibu yakirudi."

Majibu yalirudi. Risasi katika damu ya Bibi ilikuwa imezidi kiwango cha kawaida mara kadhaa. Daktari alimlaza siku chache, akamwanzishia matibabu na kusema atampima tena na tena. Safari hii Sulabha alipokuja alivua viatu kabla hajabisha hodi. Bibi alimkabidhi kikopo mwenyewe. Kidogo kidogo tumbo likatulia. Magoti yaliendelea kuuma. Sulabha alimpa mafuta ya kusugua yaliyopimwa, na alipoyatoa, alimwonyesha Bibi karatasi ya vipimo kabla hajaulizwa.

Hapo ndipo Ketaki alipotaja ombi lake. Bibi aliposikia, alijishika kichwa.

"Omba kingine. Omba viatu. Omba bangili!"

"Ulisema chochote, Bibi."

Kikundi cha wanawake waliomwimbia mungu Ganapati kilikutana hekaluni kila Jumanne. Wengi wao walikuwa na vikopo kama kile, kwa sababu Bibi ndiye aliyewapeleka kwa Tabibu Yashwantrao, na Bibi ndiye aliyewaonyesha jinsi unga unavyoelea. Nyimbo zilipokwisha, alisimama mbele yao akiwa na bakuli la shaba na unga kidogo alioazimwa na Sulabha, aliyesubiri pembeni na mfuko mtupu. Alinyunyiza unga. Ukaelea. Akaweka punje ya mchele. Ikaelea.

"Mnaona?" alisema. Akalisogeza bakuli mbele yao. "Unaelea vizuri kabisa. Na huu ndio ulionilaza hospitali. Una risasi."

"Lakini Indira," mwanamke mmoja alidakia, "si wewe uliyetuambia anayetilia shaka ni mjinga?"

Wengine wakacheka. Masikio ya Bibi yalipata moto, lakini hakuketi.

"Niliwaambia. Basi mjinga mwenyewe ndiye huyu amesimama. Wazee wetu hawakukosea: bakuli linasema kama unga umesagwa laini. Mimi nililiuliza bakuli swali lisiloweza kujibu. Nililiuliza kilichomo. Dawa iwe ya mababu, iwe ya duka la dawa, msiiamini kwa sifa zake. Ulizeni imetoka wapi, nani ameipima, na karatasi iko wapi. Na mkiambiwa na mtu anayewapenda kwamba mnaumia, msimzungushe wiki nzima kama nilivyofanya mimi. Haya, leteni vikopo."

Kisha yule aliyedakia alifungua mkoba wake, akatoa kikopo na kukitia katika mfuko wa Sulabha. Mwingine akafuata.

Bibi alirudi alipokaa Ketaki na kumnyooshea mkono.

"Nimefanya?"

"Umefanya, Bibi."

"Basi nishike twende nyumbani. Hii ilikuwa sindano kubwa kuliko ile ya hospitali."