Balasti ya Likuni

Haya yalimpata Sylvain, fundi umeme wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ninayemjua, na yeye si mtu wa kuzusha.

Mama mmoja wa mtaa wa Likuni alimwita: taa ya tangi lake la samaki imefifia, na tyubu ni mpya. Sylvain akafungua kifuniko. Balasti nzuri aliyoifunga mwezi uliopita, ile inayoilisha tyubu umeme, haikuwapo. Palikuwa na nyingine kuukuu, dhaifu, nyaya zake zimefungwa kwa uzi mwekundu. Anayefunga hivyo ni mmoja tu: Josué, ambaye Sylvain mwenyewe alimfundisha kazi, wakila nsima, ugali wa huko, sahani moja.

Akazima umeme, akaing'oa. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba kikawa giza. Akampigia simu, kwa Kiswahili cha kwao.

“Josué, we njo uliniibia balasti?”

“Mi? Yesu iko anaona, ndugu yangu. Mi sijafikaka kule hata siku moja.”

Hapo balasti ikaanza kuvuma kiganjani mwa Sylvain, nyaya zikining'inia. Ilivuma ule wimbo wa kanisani ambao Josué huuimba puani kila akishika kazi.

“Nani iko anaimba hapo?” Josué akauliza.

Simu ikakatika.

Balasti ikaingia ubeti wa pili.