Nafasi ya Solange

Wazazi wa Mushaki na wa Ngungu, nanyi mlioko Kashebere, simamisheni kazi kidogo mnisikilize. Nyumba ninayoisimulia mnaijua. Zamani vicheko vyake vilisikika hadi barabarani.

Asubuhi za Papa Karangwa, mwenye nyumba hiyo pale Mushaki, zilikuwa za amani. Ukungu ungali umelala juu ya malisho, mkewe Mama Dancille akichochea moto, yeye alikuwa akisimama katikati ya ng'ombe wake na koti lake refu, akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Watoto wake wawili walisoma chuo kimoja mjini Goma: Gustave, mkubwa, alisoma biashara, mdogo wake Solange alisoma sayansi.

Wakiwa likizoni, habari ikaingia kwenye simu. Chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi wachache wa sayansi na wa biashara nchini Kenya, safari fupi ya masomo, wiki mbili. Wangetembelea viwanda vya maziwa, wajifunze kupima magonjwa ya mifugo katika maabara na kuendesha ushirika. Waliochaguliwa ni wenye alama nzuri. Solange alikuwemo. Gustave hakuwemo.

Mama Dancille alipiga vigelegele. Papa Karangwa aliwaza macho ya watu kanisani: binti apande ndege, mvulana abaki kufuata mikia ya ng'ombe? Baada ya chakula akasema:

"Solange, umuachilie kaka yako iyo nafasi."

"Papa, ni miye njo nilifaulu."

"Najua. Lakini weye utaolewa, utabeba akili yako kwa watu wengine. Gustave njo atabakia na jina yangu."

"Sasa atafanya nini mu labo? Yeye anasomaka biashara."

"Atajifunzia kulekule. Kwani hana macho?"

Gustave alikuwa ameketi papo hapo. Aliendelea kutazama simu yake. Neno moja la kaka lingetosha siku ile, ndugu zangu, na hakulisema.

Papa Karangwa akampeleka binti yake chuoni yeye mwenyewe. Msimamizi wa safari alisema hawezi kubadili jina mpaka mwenye nafasi atamke. Solange akasimama mbele ya meza, baba yake ubavuni, akasema akitazama viatu vyake, "Ninamuachilia kaka." Msimamizi aliyaona machozi. Lakini mbuzi wa Papa Karangwa alikwisha kufungwa nyuma ya nyumba ya msimamizi huyo, basi akaandika jina la Gustave.

Gustave alirudi na picha nyingi. Mushaki nzima ilikuja kuziona: Gustave mbele ya ndege, Gustave mbele ya ghorofa, Gustave na miwani. Solange aliwagawia wageni chakula. Hakurudi chuoni. Alipoulizwa, alijibu kwamba hamu imemwisha. Mwalimu mmoja wa Kashebere, Honoré, alipokuja kumposa, Solange alikubali upesi, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Wafugaji nao walikuwa wameunda ushirika wa maziwa. Nani apime maziwa, kama si kijana aliyefundishwa nje? Gustave hakuweza kukataa. Hakuweza pia kusema ukweli: siku wenzake walipoingia maabara, yeye alikuwa sokoni Nairobi akichagua viatu. Alikuwa na kichupa cha dawa ya rangi alichopewa kila mwanafunzi, basi. Akawa anadondosha dawa ndani ya sampuli ya maziwa, anatikisa, anasubiri kidogo huku watu wakimtazama kwa heshima.

Siku moja mfugaji mmoja aliinama akauliza, "Na iyi rangi ya bleu inazunguka pale juu, ni nini?"

"Ni mafuta tu," Gustave akajibu. "Iko bon, haina shida."

Ng'ombe wakaanza kuharibu mimba, kwa Papa Karangwa kwanza, kisha kwa majirani. Mama Dancille alipotaka mganga wa mifugo aitwe, mumewe alikasirika: "Tuko na wetu hapa nyumbani, utaenda kutafuta nani?"

Mvua zilipoisha na njia ya Kashebere kupitika tena, Solange alikuja kutoka kwa mumewe kusalimia, amechoka na pikipiki, tumbo lake limeanza kuonekana. Baba yake alifurahi mno. Akamjazia kikombe maziwa mabichi kwa mkono wake.

Solange alikishika bila kunywa. "Papa, aya maziwa banayapima?"

"Kaka yako mwenyewe njo anapima. Unywe, mwanangu. Hauniamini?"

Gustave alikuwa mlangoni. Aligeuka, akaenda zizini. Solange alikunywa chote, asimwaibishe baba yake.

Majuma machache baadaye, kule Kashebere, homa ilimpata, ikawa inakwenda na kurudi. Viungo vikamuuma kama mzee. Honoré alimfikisha hospitalini, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Daktari alipima damu, kisha akauliza: maziwa mabichi alikunywa wapi?

Papa Karangwa na Gustave walifika wakati daktari akieleza jinsi ugonjwa huo wa kuharibu mimba unavyotoka kwa ng'ombe, na kwamba dawa ya rangi huuonyesha: mviringo wa buluu juu ya maziwa. Gustave akapiga magoti.

"Siku ya labo sikuwaka kule, nilienda sokoni," alisema. "Niliwaona watu bananiheshimu, nikaogopa."

Solange hakumtazama. Alimtazama baba yake.

"Papa, weye njo utaambia watu. Si yeye. Uwaambie bachemshe maziwa, na uwaambie sababu."

Jumapili Papa Karangwa alisimama kanisani, mbele ya macho yaleyale aliyoyaogopa, akasema yote, tangu mbuzi hadi kikombe. Wanakijiji walioshikwa na homa ileile kwa maziwa hayo walikuwamo, wengine wameshikiliwa na watoto wao. Hakuna aliyempigia kelele. Walitoka tu, wakimpita.

Ushirika ulivunjika. Gustave aliondoka, hakuna anayejua aliko. Solange alipona homa, ila hajakanyaga Mushaki tena. Mama Dancille ndiye humfuata Kashebere, peke yake.

FUNZO

Wazazi, mtoto aliyefaulu mpeni haki yake, awe msichana, awe mvulana. Safari ya masomo si sherehe ya familia. Anayekwenda anakwenda kwa niaba yetu sote, na asichokiona yeye tutakikosa sisi. Vijana, kama hamjui, semeni hamjui, hata kama mmepanda ndege. Aibu ya kusema hivyo ni ya siku moja. Nanyi viongozi wa vyuo mnaopokea mbuzi, jueni kwamba kuna kaburi dogo Kashebere, na mkono wenu umo.